Aliyejibu kwa Jina la Mama Ayoo

Mtu akikuuliza bei ya gauni, unamtajia bei. Si ndivyo? Sasa nendeni mkamweleze Mama Ayoo. Mteja ameandika Instagram neno moja, "Bei?", hata salamu hakuna. Mama Ayoo anaweka mkasi chini, anavaa miwani, anaisafisha simu kwa upindo wa kanga, kisha anaanza kuandika kwa kidole kimoja: "Mwanangu, habari za huko. Umeamkaje? Huku mvua imenyesha tangu alfajiri ila tunashukuru. Umekula? Gauni hilo ni la kitenge cha waksi, nimelishona mwenyewe, mkono unaweza kuwa mrefu au mfupi, utakavyopenda. Wewe uko wapi siku hizi?" Bei yenyewe hajaitaja! Mteja anasoma, anashangaa, anakwenda kununua kwingine.

Jamani, nilikuwa nachukia. Mimi naitwa Winnie, na kazi yangu ni kuendesha kurasa za watu mitandaoni. Pale Mkuyuni, hapa hapa Mwanza, nina muuza magodoro, nina wauza vipuri vya pikipiki, nina mama mmoja wa samaki sato wa kukaanga, na kule Buhongwa nina duka la mabati. Hao wote wanaendelea na shughuli zao na kurasa zinajiendesha. Jumapili nikitoka kanisani napanga posti za wiki nzima, akili mnemba inanisaidia maneno ya kuweka chini ya picha, programu inazirusha zenyewe saa ambazo watu wanashika simu, na mteja akiuliza kitu anajibiwa papo hapo kama vile kuna mtu amekaa anamsubiri. Watu wanadhani nina ofisi na wasichana sita. Nina kompyuta moja yenye ufa kwenye kioo, basi.

Katika wateja wangu wote Mama Ayoo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, na ndiye niliyempenda kuliko wote, ndiyo maana tulikuwa tunagombana. Jina lake hasa ni Rozina. Ni Mjaluo wa Rorya, mwanamke mrefu, mikono mikubwa, fundi cherehani wa magauni. Chumba chake cha kushonea kiko Buzuruga, mtaa wa nyuma ya stendi, na humo anashona pamoja na Yakobo, Msukuma mmoja wa Magu anayeshona suruali na kuongea bila kupumzika. Sasa hapo Buzuruga hakuna anayemwita Rozina. Nani anamwita mama wa watu kwa jina lake? Kwa wateja ni Mama Ayoo, kwa muuza maji ni Mama Ayoo, ubao wa juu ya mlango umeandikwa Mama Ayoo, na hata ukurasa niliomfungulia tuliuita hivyo hivyo: Mama Ayoo Mitindo. Kutwa nzima anaitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto mwenyewe hayupo.

Ngoja niwaeleze alivyonieleza. Ayoo ni binti yake wa pekee. Wajaluo wanampa jina hilo msichana aliyezaliwa njiani, na huyu kweli alizaliwa njiani, mama yake akikimbizwa zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliyempokea pale kando ya barabara, akamkata kitovu na kumfunga kwenye kanga yake, ni bibi yake, yaani mama mkwe wa Rozina. Siku hizo walikuwa wanapendana. Baadaye mume wa Rozina, Otuoma, akafariki, na ukoo ukataka Rozina arithiwe na shemeji yake. Rozina akakataa katakata. Yule mama mkwe, ambaye angeweza kumtetea, akamtolea vyombo nje mbele ya watu wote wa boma: sufuria, godoro, cherehani. Rozina akabeba cherehani na mtoto akaja zake Mwanza, na sufuria akaziacha pale pale kwenye vumbi.

Lakini mtoto hajui ugomvi wa wakubwa. Ayoo alimpenda bibi yake mpaka basi. Kila likizo alikwenda Rorya, na Rozina, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi kumzuia. Siku bibi alipofariki Ayoo alikuwa msichana mkubwa tayari. Akamwambia mama yake, "Mama, twende tukamzike." Rozina akamjibu bila kunyanyua macho kwenye kitambaa: "Siendi. Mimi nilishamzika siku ile aliponitolea vyombo nje."

Kwa Wajaluo hilo ni jambo zito, tena zito kweli. Mke wa mtoto kutokwenda kumlilia mama mkwe wake! Watu wanalizungumza miaka na miaka. Ayoo akaenda peke yake, na kule msibani kila aliyempa mkono alimwuliza, mama yako yuko wapi? Aliporudi Mwanza hakukaa hata kitako. Alikusanya nguo zake, akasema, "Usinitafute. Na mimi sitakutafuta mpaka siku utakapomlilia bibi yangu." Akabadilisha namba. Miaka ikaenda mitatu.

"Wewe Winnie," aliniambia siku moja nilipokuwa namfokea kuhusu yale majibu yake marefu, "unadhani huu ukurasa niliutaka niuze nguo? Nguo nimeuza miaka yote bila simu. Ayoo ni mtu wa mitandao. Ipo siku atapita humu. Ataona jina lake. Sasa akipita, akaandika neno moja tu kunijaribu, na mimi nimjibu bei?"

Basi ndiyo hivyo. Kila akaunti isiyo na picha ilikuwa inaweza kuwa Ayoo. Kila "Bei?" ilikuwa inaweza kuwa Ayoo. Kwa hiyo aliwauliza wote kama wamekula. Niliposikia hivyo roho iliniuma, nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza si jambo la kila siku.

Ila biashara nayo ina yake. Mwaka jana, kabla ya msimu wa harusi na kipaimara, nilimpiga Mama Ayoo video akikata kitenge bila kuchora, mkasi unakwenda wenyewe kwenye kitambaa. Ile video ikasambaa! Watu wa Dodoma, watu wa Arusha, hadi Watanzania walioko Uarabuni wanauliza. Ujumbe ukamiminika mpaka simu ikawa ya moto mkononi. Mama Ayoo akang'ang'ania kujibu mmoja mmoja, umeamkaje, umekula, huku mvua imenyesha. Magauni ya watu yakalala bila kushonwa. Bibi harusi mmoja akaja dukani akalia mbele ya Yakobo. Wengine wakaanza kuandika hadharani kwamba ukurasa huu ni wa matapeli, haujibu watu. Hapo mimi nikawaka.

"Shikamoo, Mama Ayoo," nikamwambia, nimesimama mlangoni nimeshika kiuno.

"Marahaba. Umekuja na ugomvi, nakuona."

"Nimekuja na ugomvi, ndiyo! Mama, utashona au utachati? Chagua kimoja. Wale uliokuwa unawajibu wewe, sasa wanajibiwa na hii," nikamwonyesha kompyuta. "Nimeipa majibu yako yote uliyowahi kuandika tangu tufungue ukurasa. Imeyasoma. Inaongea kama wewe, sema yenyewe inataja na bei."

"Inaongea kama mimi vipi?"

"Jaribu. Andika."

Akaandika kwenye simu ya Yakobo: "Naulizia gauni." Hata hajashusha kidole, jibu limeingia: "Mwanangu, habari za huko! Umeamkaje? Umekula? Tuna magauni ya kila aina, niambie ni la shughuli gani. Wewe uko wapi siku hizi? Ni mimi, Mama Ayoo." Yakobo akacheka mpaka akakanyaga cherehani yake vibaya na uzi ukakatika. "Duh! Mama Ayoo, huyu ni wewe mtupu! Sasa tuna wawili, na huyu wa pili hali ugali."

Mama Ayoo hakucheka. Alilisoma lile jibu mara mbili. "Na akija Ayoo? Huyu mtu wako atamjua?"

Alikuwa ananiuliza kwa dhati, ananitazama usoni. Nikamwambia nitaiwekea kengele: mtu yeyote akiandika neno Ayoo, mashine isijibu, initumie mimi, na mimi nitamwita yeye. Akakubali. Akatoa simu mkononi akaniachia, na nilimwona anavyoiangalia ikiondoka.

Sasa sikilizeni. Kengele niliiweka asubuhi, na kabla jua halijasimama kichwani simu yangu ilikuwa inalia bila kukoma. Kwani wateja wanamwitaje? "Shikamoo Mama Ayoo." "Mama Ayoo gauni langu limeisha?" "Mama Ayoo nipunguzie." Kila mtu anaandika Ayoo! Nikarekebisha, nikaiambia programu: likija "Mama Ayoo", hilo ni jina la biashara, liache lipite. Likija "Ayoo" peke yake, ndiyo unishtue. Nikajiona mjanja kweli kweli. Hata wewe ungefanya hivyo, na akija mtu kuniambia ningefanya tofauti tutakosana. Lakini hebu fikiri, ni mtoto gani anayejitambulisha kwa mama yake mzazi? Nani anaandika, "Habari mama, mimi naitwa fulani"? Mtoto anaandika "Mama" tu. Na kwetu huku fundi cherehani anaitwa Mama na dunia nzima.

Kazi ikachanganya. Mashine ikawa inajibu, inachukua vipimo, inataja bei, inawauliza watu kama wamekula, na watu wakaipenda ajabu. "Huyu mama ana upendo," wakawa wanaandika. "Nimeagiza gauni nimepata na mama." Mama Ayoo akawa anashona tu. Magauni yakatoka kwa wakati, Yakobo akaletewa na suruali za wasimamizi wa harusi. Kila kitu kilikuwa sawa, ila yeye hakuwa sawa. Nilikuwa nikifika namkuta mkono uko kwenye cherehani na macho yako mtaani, kule abiria wa Musoma, njia ya kwao Rorya, wanakoshukia na mabegi yao.

"Hajaja?" ananiuliza.

"Hajaja, Mama."

"Wasichana wangapi wameandika jana?"

"Wengi."

"Haya." Anarudi kwenye kitambaa. Siku nyingine aliniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba anakosa cha kufanya na yale maneno. Zamani angalau alikuwa anaamka asubuhi na mtu wa kumwuliza umeamkaje, hata kama ni mgeni wa Dodoma. Sasa maneno yanamjaa kifuani na hana pa kuyapeleka. Nikamwambia aniulize mimi. Akasema mimi naonekana tu kwamba nimekula. Huyo ndiye Mama Ayoo, hata akiwa na huzuni atakuchoma.

Mwezi wa sita mwaka huu, siku ya Jumatano, nilikuwa Mkuyuni napiga picha magodoro. Ile programu ina tabia moja: mteja akiongea nayo muda mrefu halafu akakaa kimya, inaniomba ruhusa imrudishe. Basi ikaniandikia: mteja huyu alikuwa anawasiliana mara kwa mara na sasa amenyamaza, nimtumie punguzo? Nilikuwa karibu nibonyeze ndiyo. Mkono sijui ulisitaje, nikafungua nione ni nani. Akaunti haina picha. Nikaanza kusoma juu, mwanzo kabisa. Muuza magodoro ananiita, mimi sisikii.

Mwanzo kulikuwa na mtu ameandika: "Shikamoo mama. Nimeona gauni la bluu." Na mashine: "Marahaba mwanangu! Umeamkaje huko? Umekula? Gauni la bluu lipo." Yule mtu akakaa siku nzima ndipo akajibu: "Sijala." Mashine ikamwambia pole, kula kwanza, kazi haikimbii, ukishakula nitumie vipimo.

Halafu siku nyingine: "Mama, vipimo vyangu vimebadilika. Nina mimba." Hongera sana mwanangu, tuna magauni mapana ya wajawazito. "Mwenye mimba ameikana." Pole sana mwanangu, usilie sana, Mama Ayoo yupo hapa. Siku nyingine: "Leo nimepita bandarini nikaona meli ya Mwanza inaondoka. Nikatamani kupanda." Safari njema mwanangu! Duka letu lipo Buzuruga, nyuma ya stendi. Mashine haikuchoka, haikukasirika, haikukosea hata salamu. Yule mtu aliagiza? Hakuagiza chochote. Aliandika tu.

Na mwisho kabisa: "Nimejifungua, Mama. Mtoto wa kike. Hanyamazi. Hospitali wanasema hana ugonjwa, majirani hapa Nansio wanasema ni chango. Lakini wewe unajua ni nini. Anataka jina, na upande wa baba yake hakuna wa kumpa." Mashine ikajibu: "Hongera mwanangu, Mungu amkuze! Haya hapa majina kumi ya kike yanayopendwa sana mwaka huu." Ikayapanga: Favour, Princess, sijui Glory. "Je, ungependa kuona na nguo zetu za ubatizo?"

Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilipanda bodaboda kutoka Mkuyuni hadi Buzuruga na sijui hata tulipita wapi. Nilimkuta Mama Ayoo anatia vifungo. Nikampa simu, nikamwambia, "Mama, kaa chini kwanza." Alikuwa ameshakaa.

Alisoma polepole, midomo inacheza. Yakobo akaniuliza kwa macho kuna nini, nikamtikisia kichwa. Mama Ayoo alipofika kwenye "Sijala" akarudi kulisoma tena. Alipofika kwenye mimba akaweka mkono mdomoni. Alipofika mwisho akanigeukia, macho mekundu, na sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine: "Winnie! Huyu mtu wako amempa mjukuu wangu majina ya dukani?"

Nikamsomea Yakobo ule ujumbe wa mwisho, naye, ambaye hajui mila za kwao, akauliza kwani mtoto kulia na jina vinahusianaje. Mama Ayoo akamjibu. Kwao mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, ni kwamba kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anataka mtoto apewe jina lake. Wakubwa wanakaa naye, wanaita majina ya marehemu moja moja, na akinyamaza kwenye jina fulani, basi hilo ndilo lake. Ni kazi ya bibi na shangazi. Haipo dukani, haipo kwenye simu. Na Ayoo kule Nansio, ng'ambo ya maji hapo tu, safari ya kivuko, hana bibi wala shangazi.

"Mwandikie, Mama," nikamwambia. "Mwandikie sasa hivi."

Akachukua simu. Huyu huyu aliyekuwa anawaandikia wageni wa Dodoma habari za mvua, akashindwa. Anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. Mwisho akatuma: "Ayoo. Ni mama yako. Nimeona."

"Ndiyo hivyo tu?" nikaruka. "Ongeza basi! Mwulize amekula!"

"Sijui kumwandikia huyu," akasema. "Wale wengine nilikuwa najua."

Tukakaa tunaitazama simu. Jibu likaja: "Sasa huyu ndiye wewe."

Mama Ayoo akabonyeza kupiga. Nikamsaidia kuweka sauti kubwa. Tulisikia kwanza mtoto. Kilio kimechoka, kimekauka, lakini hakikomi. Ndipo sauti ya msichana: "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Mtoto analia katikati yao. Mimi nataka kupasuka. Mama Ayoo akasema, "Yule aliyekuwa anakujibu hakuwa mimi. Ni mashine. Ya Winnie, anayenisaidia ukurasa. Mimi sikuona hata neno moja mpaka leo."

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Aliniuliza nimekula," Ayoo akasema. "Wewe hujawahi kuniuliza nimekula, Mama. Ulikuwa unaweka sahani mezani na kurudi kwenye cherehani."

Nilimtazama Mama Ayoo usoni na nikatamani nisingemtazama. Akauliza, sauti chini, "Sasa kama ulijua, kwa nini uliendelea kumwandikia?"

"Nilikuwa natamani kuulizwa."

Hapo mimi uvumilivu ukaniishia. Nikaivamia simu. "Wee Ayoo! Hayo maneno mashine imeyatoa wapi unadhani? Ni ya mama yako! Alikuwa anawaandikia watu wote kwa sababu hajui yupi ni wewe! Wewe ndiye uliyekuwa unaulizwa, miaka yote hii, na bei alikuwa hataji!"

Ayoo akauliza: "Huyo ndiye Winnie?"

"Ndiye," mama yake akajibu.

"Mwambie apunguze sauti, mtoto anashtuka." Lakini aliposema hivyo alikuwa analia, na mama yake alisikia, na mimi nilisikia. Kisha akasema: "Mama, mtoto amechoka. Nimeita majina yote ninayoyajua. Ya kwenu na ya kwa baba. Nimebakiza moja. Hilo sikuliita. Hilo nimekuachia wewe."

Hakutaja ni la nani. Hakukuwa na haja, hata Yakobo alielewa, kwa sababu aliondoa mguu kwenye cherehani na kuinamisha kichwa. Tangu nimjue Mama Ayoo sikuwahi kumsikia akimtaja yule bibi kwa jina. Alikuwa anasema "yule", au "mama wa marehemu", na anabadilisha mazungumzo.

Akajifanya hakusikia. Akaanza kuita majina mengine, kwa Kijaluo, sauti ya kubembeleza, mdomo karibu kabisa na simu. Aloo, mama yake mzazi. Awino, shangazi yake. Achola, dada yake aliyekufa mdogo. Kila jina anasubiri kidogo, anasikiliza. Mtoto analia. Akarudia Aloo. Mtoto analia. Akaangalia ukutani, na mikono ile mikubwa ilikuwa imeshika gauni la mtu na kulikunja kunja. Nilikuwa najua anaona nini pale ukutani. Anaona sufuria kwenye vumbi. Na Ayoo kule ng'ambo hakumharakisha, alikuwa anasubiri tu, tunasikia anavyovuta pumzi.

"Akeyo," Mama Ayoo akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, kavu, kama mtu anayetema kitu.

"Rudia, Mama," Ayoo akasema.

"Akeyo."

"Rudia."

"Akeyo, nyathina, mwanangu. Akeyo, mama. Mama yangu, mama wa Otuoma, ulimpokea mtoto wangu barabarani ukamfunga kwenye kanga yako, mbona ulinifanyia vile, mbona uliondoka hatujasemezana..." Na hapo sauti ikamkatika, ikarudi kubwa, ikawa kile kilio cha wanawake wa kwao, kirefu, kinachosikika boma hadi boma. Gauni likaanguka. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo mchana kweupe Buzuruga. Kama mtoto alinyamaza mimi sijui, hakuna aliyeweza kusikia.

Watu wakaja mbio. Muuza maji, mama lishe wa jirani, abiria wawili waliokuwa wanasubiri gari la Musoma, wote wamejaa mlangoni: kuna nini, Mama Ayoo, nani amefariki?

"Mama mkwe wangu," akasema.

"Ooh, pole. Pole sana, mama." Wale wanawake wakavua ndala pale mlangoni, wakaingia, wakakaa chini naye juu ya vipande vya vitambaa, mmoja akamshika mgongo. Yakobo akatoa viti nje. Simu ilikuwa bado iko hewani mezani, na Ayoo hakuikata. Mama lishe akaninong'oneza kuniuliza mazishi ni lini. Nikamwambia akae tu.